Usinunue Stika, Nunua Mota

Ndugu mfugaji, na wewe mwenye duka la pembejeo pale senta, leo siandiki kwa upole. Kiangazi kikikaribia watu wanakimbilia mashine za kukatia majani, na nyingi siku hizi zinauzwa kwa vipande: fremu, gurudumu la visu, pulei, mkanda. Unaunga mwenyewe na fundi wako. Halafu unaambiwa, "Mota utachagua pale kwenye rafu." Hapo ndipo watu wanapoliwa.

Swali la kwanza dukani ni, "Unataka hospawa ngapi?" Swali bovu. Ni kama kuuza gunia bila kutaja kilo, na mambo ya lumbesa sote tunayajua. Stika kubwa nyekundu ya "3 HP" haikugharimu kiwanda chochote zaidi ya gundi. Ukweli uko kwenye kibao kidogo cha bati kilichobanwa ubavuni mwa mota, na hicho ndicho muuzaji hapendi ukiinamie.

Kiinamie. Hospawa moja ni wati 746, kwa hiyo hospawa tatu ni kama wati 2,200, yaani kilowati 2.2. Kibao kikiandika kilowati 1.5, hiyo ni mota ya hospawa mbili hata kama stika inapiga kelele. Sasa tazama ampia. Zidisha volti kwa ampia: mota ya fezi moja ya volti 230 yenye ampia 7 haiwezi kuvuta zaidi ya wati 1,610 ikiwa kazini. Itatoa wapi wati 2,200 wakati haiingizi hata hizo? Mota halisi ya hospawa tatu ya fezi moja hula kama ampia 13 hadi 15, kwa sababu sehemu ya umeme hupotea kuwa joto. Hesabu hii inafanyika kwa simu ya kitochi, mbele ya muuzaji, na hakuna haja ya kugombana naye. Muoneshe tu jibu.

Mtaniambia, "Afisa, mkulima wa kawaida hayawezi hayo." Sikubali. Mtu anayejua kugawa mkopo wa kikundi na riba yake kwa wanachama 30 bila kukosea hata shilingi, eti ashindwe kuzidisha 230 kwa 7? Tunadharauliwa, na tumezoea kudharauliwa.

La pili ni mizunguko, na hapa wanaolaumiwa ni mafundi pia. Kwenye umeme wetu, mota nyingi za dukani huzunguka kama mara 1,450 au mara 2,900 kwa dakika. Ile ya 2,900 huwa ndogo na nyepesi, na mara nyingi bei yake iko chini, basi inasifiwa kuwa "ina kasi." Kasi ya kwenda wapi? Kwa kilowati zilezile, mota ya 2,900 ina nusu tu ya nguvu ya kuzungusha iliyo kwenye ile ya 1,450. Majani makavu ya mahindi hayaogopi kasi. Yanataka kisu kinachopita bila kukwama.

Huko Marekani, Ephraim Shay wa Michigan alipata hataza mwaka 1881 ya garimoshi la kukokota magogo msituni. Lilikuwa la mwendo wa pole, likitumia giya kupeleka nguvu kwenye magurudumu yake, na lilipanda miteremko kwenye reli mbovu ambako magarimoshi ya kasi yasingefika. Hata leo anayejijengea kigarimoshi cha mfano wa aina hiyo mezani, akiweka mota ya mbio bila giya za kutosha, kitaruka na kusimama badala ya kuvuta. Mashine yako ya majani ni ndugu wa garimoshi hilo.

Tena kuna hatari. Pulei ya inchi 3 kwenye mota ya 1,450 na pulei ya inchi 12 kwenye mashine inakupa mizunguko kama 360. Fundi akibandika mota ya 2,900 bila kubadili pulei, gurudumu la visu linazunguka kama mara 725. Kasi imekuwa mara mbili, lakini nguvu inayovuta visu kutoka kwenye boliti zake imekuwa mara nne. Anayelisha majani mara nyingi ni mama au mtoto aliyerudi shule. Kasi ya mwisho ya gurudumu iko kwenye maelekezo ya mashine; muuzaji asiyeyatoa asikuuzie.

Sasa waya, maana mota nzuri huuawa na waya mbaya halafu lawama inaenda kwa shirika la umeme. Tuseme banda liko meta 50 kutoka kwenye mita na umetumia waya wa shaba wa milimita 2.5 za mraba. Mota ikiwa kazini unapoteza volti 12 au 13, unavumilia. Lakini inapoanza kuzunguka hudai umeme mara tano au zaidi, na hapo volti 50 hivi zinaishia njiani. Mota inabaki na volti 180, na nguvu yake ya kuanzia inashuka hadi kama asilimia 60. Inanguruma, haizunguki, inanuka. Wiki ijayo uko kwa msuka mota. Weka waya mnene zaidi, weka waya wa ethi, na usishindilie majani kabla gurudumu halijashika mwendo.

Mota ya fezi tatu inayouzwa kwa bei ya chini pamoja na ahadi ya "tutaweka kapasita" iache hapohapo kama nyumba yako ina fezi moja. Itazunguka, ndiyo, lakini sehemu kubwa ya nguvu yake umeiacha dukani.

Kuhusu koili: mota ya alumini si haramu ikiwa waya wake ni mnene inavyotakiwa na bei yake ni ya alumini. Wizi ni alumini iliyopakwa rangi ya shaba na kuuzwa kwa bei ya shaba. Fundi akwangue ncha ya waya. Ndani kukiwa kweupe, umejua.

Wenye maduka, sijawasahau. Mnajua mota zipi zinarudi zimeungua kila mwezi, na bado mnaagiza hizohizo kwa sababu stika inauza. Andikeni kwenye risiti kilowati, mizunguko, ampia na aina ya waya wa koili. Na wewe mnunuzi, usitoe pesa kabla mistari hiyo minne haijaandikwa na kupigwa muhuri.