Kabla ya kuuza lori, uliza betri itabadilishwa wapi

Asubuhi moja hapa Kisenyi, katikati ya kelele za mashine za kusaga mahindi, nilimkuta mama mmoja ameketi juu ya magunia, amevua viatu. Yeye hupeleka unga Juba kupitia Elegu. Ana kisukari cha miaka mingi, na nyayo zake zinawaka kama amekanyaga majivu ya moto. Usiku hata shuka ikimgusa hawezi kuvumilia.

"Mwanangu," aliniambia, "nimesikia India wanakuwekea mashine mgongoni, maumivu unayazima kwa rimoti. Nataka kuuza hisa yangu ya lori niende."

Sikumcheka, kwa sababu mashine hiyo ipo. Mwaka 1965 Ronald Melzack na Patrick Wall walieleza kwamba ndani ya uti wa mgongo kuna kitu kama lango, linaloweza kuruhusu au kuzuia taarifa za maumivu zisifike kwenye ubongo. Mfanyabiashara wa mpakani haelezwi mara mbili habari ya lango. Mwaka 1967 daktari Norman Shealy wa Marekani alimpandikizia mgonjwa kifaa cha umeme cha kulidhibiti. Siku hizi waya nyembamba hupitishwa karibu na uti wa mgongo na betri hufichwa chini ya ngozi. Mwaka 2021 Marekani iliidhinisha kifaa cha aina hiyo kwa maumivu ya mishipa ya fahamu yanayoletwa na kisukari.

Lakini tusidanganyane. Kifaa hakiponyi mshipa ulioharibika, kinapunguza maumivu tu, na si kwa kila mtu. Ndiyo maana mgonjwa hujaribiwa kwanza kwa siku kadhaa na waya za muda. Maumivu yasipopungua kwa karibu nusu, kwa kawaida hapandikizwi. Sukari isiyodhibitiwa huongeza hatari ya kidonda kuoza. Betri ya kawaida ikiisha baada ya miaka kadhaa, unarudi kwenye upasuaji. Ile ya kuchaji inataka umeme wa uhakika. Waya ukihama, anahitajika mtaalamu wa kuirekebisha mitambo. Hata kwenye mlango wa ukaguzi wa uwanja wa ndege unatakiwa kuonyesha kadi ya kifaa chako.

Kwa hiyo swali la kwanza si bei ya India. Ni hili: nikirudi Kampala, nani atakihudumia?

Hapo ndipo Jumuiya ya Afrika Mashariki inapotuhusu. Itifaki ya Soko la Pamoja ilianza Julai 2010. Leo mzigo wenye asili ya Jumuiya usiozidi dola 2,000 unavuka Busia kwa utaratibu uliorahisishwa. Ibara ya 118 ya Mkataba wa Jumuiya inazitaka nchi wanachama zishirikiane katika afya. Zilipogawana vituo vya umahiri, Uganda ilipewa saratani, Kenya figo, Tanzania moyo. Maumivu sugu hayakupewa kwao.

Napendekeza yapewe. Taasisi ya Mifupa Muhimbili, Dar es Salaam, tayari inatibu ubongo na mishipa ya fahamu. Kituo kimoja chenye madaktari, mafundi na vipuri, kinachotambuliwa na bima za nchi zote wanachama, kitatufaa kuliko kila nchi kuhangaika peke yake au kila mgonjwa kuuza lori lake.

Wapo watakaosema hiyo ni anasa wakati vituo vya afya vinakosa dawa. Wana hoja, na ndiyo maana lazima tuanzie chini. Amitriptilini ni dawa ya zamani na ya bei nafuu inayowasaidia wengi wenye maumivu ya mishipa. Inaleta usingizi, kwa hiyo dereva asiitumie bila ushauri wa daktari. Iwepo katika kila kituo, pamoja na kipimo cha sukari na mhudumu anayejua kukagua miguu. Kifaa kije kwa wale walioshindwa na dawa.

Wala tusiseme haiwezekani. Tangu 1993 Hospice Africa Uganda imekuwa ikiwapa wagonjwa mofini ya kunywa, na mwaka 2004 Uganda iliruhusu wauguzi waliofunzwa kuiandika. Maumivu ya mishipa yanataka dawa nyingine, lakini somo ni lile lile: nchi isiyo tajiri iliamua kwamba maumivu si jambo la kuvumilia tu.

Nawe msomaji unayelala kwenye basi kutoka Nairobi au unayesubiri foleni Malaba, ganzi na moto wa nyayo si uchovu wa safari. Kapime sukari. Mama yule nilimsihi aanzie kituo cha afya cha hapa hapa Kisenyi kabla ya kutafuta mnunuzi. Alivaa viatu taratibu, akaniambia atakwenda mzigo ukishapakiwa.

Mzigo kwanza, mguu baadaye. Hesabu hiyo ndiyo inayotumaliza.