Ruaha Mkuu haukaushwi na jua peke yake

Tangu mwaka 1993, Mto Ruaha Mkuu umekuwa ukikauka karibu kila kiangazi unapopita ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Viboko hubanana kwenye madimbwi ya tope, na tembo huchimba mchanga wakitafuta maji. Wapo wanaosema ni ukame tu. Ukame upo, lakini kiangazi kilikuwapo tangu zamani na mto ulitiririka, kwa sababu ardhioevu ya Ihefu, huko Usangu, ilihifadhi maji ya mvua na kuyaachia polepole. Kilichobadilika ni matumizi yetu: mifereji ya mpunga iliongezeka upande wa juu wa Ihefu, na mingi huendelea kuchepusha maji hata baada ya mavuno, yakaishia kwenye majaruba matupu.

Nitaambiwa mpunga wa Mbarali, wilaya iliyomo Usangu, unalisha nchi, na mkulima hawezi kulala njaa ili kiboko anywe. Ni hoja nzito. Wala sitaki mkulima aondoke, maana kuhamisha watu si suluhisho. Wafugaji walihamishwa Ihefu mwaka 2006 na 2007, wakaumia, na bado mto haukurudi kutiririka mwaka mzima. Ninachodai ni malango ya mifereji yafungwe kiangazi, vijiji vinavyoitegemea kwa maji ya nyumbani vichimbiwe visima, na vibali vya maji visimamiwe kwa mashamba makubwa kama kwa madogo. Maji ya mto huu huteremka hadi Mtera na Kidatu kuzalisha umeme wetu, na wanaoishi kando ya mto huko chini nao wana haki ya kuyapata.