Mume Yuko Ngong, Farasi Yuko Wapi?

Tangu msimu wa mbio za farasi uanze, mume wangu hakai nyumbani. Yuko Nairobi kwa nduguye, na kila Jumapili ya mashindano utamkuta kwenye uwanja wa Ngong. Mimi niko Mombasa, na juzi nimeletewa shairi na kijana niliyemfundisha sekondari, nilisahihishe. Linamhusu, kwa sadfa, mume aliyekwenda kutazama farasi.

Mizani imetimia, vina havina kasoro. Mke analia dirishani, mume anafilisika, ubeti wa mwisho anarejea na majuto yake. Katika beti kumi na mbili, farasi ametajwa mara moja tu, tena kwa ajili ya kupata kina cha "nafasi".

Washairi wetu wana mazoea haya. Mke wa baharia aliachwa pepo za kusi zikivuma, akangoja kaskazi imrudishe mumewe. Alikuwa na haki ya kulia, kwa kuwa bahari humeza watu. Kilio kile kile tumekihamisha, neno kwa neno, kwa mke wa mtu aliyekwenda kustarehe. Hakimkai. Mimi sihofu kwamba mume wangu atazama Ngong. Ninachokihisi ni wivu, na si wa mwanamke mwingine: anafurahi, na furaha hiyo simo. Hilo sijalisoma katika shairi lolote la wanafunzi wangu.

Usiku hunipigia simu. Hunisimulia farasi aliyeanza kwa matiti (wanafunzi wangu walikuwa wakicheka neno hili hadi kengele ya mapumziko, ingawa ni mwendo halali wa punda na farasi), kisha akapiga shoti. Yeye ananipa mnyama, mimi nampa maneno: hatamu, lijamu, kikuku cha tandiko. Kwa dakika kumi na tano tunakuwa mume na mke kuliko tunavyokuwa tukiketi sebule moja. Maneno haya yanafia kamusini, na mshairi anayeandika juu ya mbio hakuona haja ya kuyagusa.

Tena amepitwa na neno lililo mlangoni pake. Dau ni chombo cha baharini. Dau pia ni fedha iwekwayo katika mchezo wa kubahatisha. Mume wa zamani aliondoka katika dau, wa leo ameondoka na dau. Kumbe wake wawili wale wangeweza kukutana katika ubeti mmoja, bila chozi hata moja.

Nimemrudishia kijana shairi lake nikamwomba aliandike upya, aanzie kwenye kwato. Ama kuhusu dau, mume wangu hajanitajia, nami sijamuuliza. Lakini fedha za mabati ya jikoni tuliziweka pamoja, na kitabu cha benki amekwenda nacho. Jumatatu atashuka garimoshi, na nitakuwa pale stesheni.