Damu baada ya kukoma hedhi si ujana unaorudi

Mwanamke aliyekwisha kukoma hedhi akiona damu, hata tone tu kwenye nguo ya ndani, aende hospitali. Asimpigie simu aliyemuuzia vidonge. Mimi ni mkunga mstaafu, na nalisema hili kwa uchungu, maana jirani yangu hapa Tanga aliambiwa kinyume chake. Alikuwa akinywa vidonge vya soya alivyouziwa kwenye kikao cha kikoba. Damu ilipomtoka, miaka kadhaa tangu hedhi ikome, muuzaji alimwandikia kwenye WhatsApp: "Hongera mama, dawa imeanza kufanya kazi." Akamwambia aongeze kidonge cha usiku.

Miezi 12 mfululizo ikipita bila hedhi, damu yoyote itokayo ukeni ni ya kuchunguzwa. Mara nyingi chanzo si kikubwa: ngozi ya uke imekuwa nyembamba na kavu. Lakini huenda ikawa saratani ya mji wa mimba, au ya shingo ya kizazi, inayoongoza kwa kuwapata wanawake wa Tanzania. Zikigunduliwa mapema, zote mbili zinatibika.

Nililishika kopo lile nikalisoma lote. Linadai kwamba linarudisha homoni, linaimarisha mifupa, linaondoa makunyanzi, tena halina madhara kwa kuwa ni la mimea. Muhogo mchungu nao ni mmea, na hakuna mama wa huku anayeupika bila kuuandaa. Kiasi cha isoflavoni, kemikali za soya, kilichomo katika kila kidonge hakikuandikwa popote.

Soya yenyewe sina ugomvi nayo. Isoflavoni zake zinafanana na homoni ya estrojeni, ila nguvu yake ni ndogo mno, na zipo tafiti zilizoonyesha kwamba hupunguza kiasi lile joto la ghafla linalomwamsha mtu usiku akiwa amelowa jasho. Bakteria wa tumboni kwa baadhi ya wanawake huzigeuza kuwa ekuoli, ambayo ina nguvu zaidi. Wengine hawana bakteria hao. Ndiyo maana mashoga wawili hunywa kopo moja, mmoja akasifu na mwingine asione kitu. Ovari iliyokwisha kazi hairudi kazini kwa soya. Na mwenye saratani ya matiti, au aliyewahi kuugua, asiguse vidonge hivi kabla ya kuongea na daktari wake.

Jirani yangu nilimpeleka hospitali mwenyewe. Sasa yuko kwenye matibabu. Yaliyobaki ni yake kuyasema.

Kinachoniuma zaidi kinatuhusu sisi wa afya. Mwanamke akiwa mjamzito tunampa kadi, tunampima uzito, tunamfuatilia mpaka nyumbani. Akifika miaka 50 anakuja kliniki ya presha, anafungwa mashine mkononi, anapewa dawa, anaondoka. Usingizi wake haumhusu mtu. Muuza vidonge ndiye wa kwanza kumuuliza, "Mama, unalala vizuri?" Kwa nini asimwamini?

Nawaomba wauguzi wenzangu walioko kazini: mkimaliza kupima presha, muulizeni kama analala, na kama ameona damu tangu hedhi ikome. Jibu la pili likiwa ndiyo, asiondoke bila barua ya rufaa mkononi.