Njia za Baiskeli za Vilima vya Singida Zinaachwa Zife

Mhariri,

Kila makadirio ya bajeti yanapojadiliwa, barabara za vijijini katika Mkoa wa Singida hupimwa kwa kipimo kimoja, nacho ni idadi ya kilomita zilizowekewa lami au changarawe, na ni nadra kusikika mtu akiuliza ni nani hasa anayepita katika barabara hizo na kwa chombo gani. Malalamiko ya barua hii yanahusu baiskeli, pamoja na njia tulivu za vilimani ambazo chombo hicho kimezitawala kwa vizazi kadhaa: njia za Iramba na Mkalama, za Ilongero, na za ukingo wa bonde la ufa kule Kilimatinde. Njia hizo zinapotea kwa namna mbili zinazopingana, kwani nyingine zimetelekezwa hadi zikachimbika makorongo, na nyingine zimeboreshwa kana kwamba mpanda baiskeli hajawahi kuwapo.

Kilimatinde ni mfano mzuri wa kuanzia. Mji huo mdogo, ulio kusini-mashariki mwa Manyoni juu kabisa ya genge ambapo ardhi hukatika na kushuka kuelekea Ugogo, ulikuwa kituo kwenye njia ya misafara iliyounganisha Bagamoyo na Ujiji, na Wajerumani walipofika waliufanya kituo cha utawala na kujenga boma, yaani ngome iliyokuwa pia ofisi ya serikali. Reli ya kati, iliyofika Tabora mwaka 1912, ilipita Saranda na Manyoni badala ya kupita hapo, na shughuli za serikali zikaifuata. Mwaka 2006 Tanzania iliiweka Kilimatinde, pamoja na Bagamoyo, Mamboya, Mpwapwa, Kwihara na Ujiji, katika orodha ya awali ya UNESCO ya maeneo yanayopendekezwa kuwa urithi wa dunia, chini ya njia kuu ya biashara ya watumwa na pembe za ndovu. Ni jambo la ajabu kidogo kwamba kilichopendekezwa ni njia, lakini njia yenyewe, kipande cha udongo ambacho mtu angeweza kukipita kwa miguu au kwa baiskeli kutoka Manyoni, haina hadhi yoyote ya pekee mbele ya wanaopanga barabara.

Kaskazini mambo ni mengi zaidi. Nyanda za juu za Iramba, ambazo kwa sehemu kubwa zimekaribia au kuzidi mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, zimezungukwa na miteremko mikali inayoshuka hadi mbuga ya Wembere na Ziwa Kitangiri upande wa magharibi, na juu yake vijiji vimetawanyika kati ya majabali makubwa ya mawe, mashamba ya alizeti na mtama, na vichaka vya miombo. Anayepanda baiskeli katika eneo hilo hupita Kinampanda, penye chuo cha ualimu ambacho kimetoa walimu wa shule nyingi nchini, kisha Kiomboi, na akiendelea upande wa mashariki huingia nchi ya Wanyisanzu, ambako Wajerumani walijenga boma la Mkalama mwanzoni mwa karne ya 20. Utawala ulihama Mkalama baadaye, na wilaya iliyoanzishwa mwaka 2012 kwa jina hilo hilo ina makao yake Nduguti. Wamisionari wa Kilutheri kutoka Marekani walioanza kazi Iramba katika miaka ya 1920 waliacha makanisa, shule na hospitali, ikiwemo ile ya Iambi, na kati ya vituo hivyo kukawa na njia za watu wa miguu na baiskeli. Upande wa magharibi, chini ya mteremko, kuna Sekenke, machimbo ya dhahabu yaliyofunguliwa wakati wa Wajerumani, ambayo dhahabu yake ilitumika mwaka 1916 kutengeneza sarafu za rupia 15 katika karakana ya reli ya Tabora, wakati vita vilipokuwa vimelizingira koloni hilo.

Sababu ya kuwapo kwa njia nyingi kiasi hicho inaeleweka mtu akikumbuka jinsi watu walivyokuwa wakiishi. Wanyaturu, Wanyiramba na Wanyisanzu walijenga tembe, yaani nyumba za miti na udongo zenye mapaa bapa, zikiwa zimeachana kwa mashamba na malisho, na kila kundi la nyumba likaunganishwa na jingine kwa vijia vilivyofuata migongo ya vilima ili kukwepa matope ya mabondeni. Operesheni Vijiji, hasa mwaka 1974, iliwakusanya watu katika vijiji vilivyopangwa kandokando ya barabara, lakini vijia vya zamani havikufa, kwa kuwa visima, makaburi ya wazee na mashamba viliendelea kuwa kule kule. Baiskeli ndiyo iliyovirithi, na si baiskeli ya michezo yenye gia, bali ile nzito ya chuma yenye keria ya nyuma, ambayo hubeba gunia la alizeti, madumu ya maji, kuku wa kienyeji wa kuuza mnadani, mgonjwa, na wakati mwingine vyote hivyo kwa zamu katika siku moja.

Sasa huja maboresho. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 imetenga hifadhi ya barabara, yaani ardhi isiyoruhusiwa kujengwa pande zote mbili, yenye upana wa mita 60 kwa barabara kuu na za mikoa, na wananchi wengi wanaifahamu kwa alama nyekundu ya X iliyochorwa kwenye kuta za nyumba zao. Katika mita hizo 60, lami yenyewe huchukua takribani mita saba, na sehemu inayobaki ni mitaro, nyasi na matumaini. Mpanda baiskeli aliyekuwa na barabara yake ya udongo, isiyo na kelele, hujikuta akigombania ukingo wa lami na malori ya masafa marefu na mabasi, na anaposhuka ili kujiokoa hukuta bega la barabara, ile sehemu ya pembeni iliyo nje ya mstari, likiwa chini ya lami kwa kina cha kutosha kumwangusha yeye na mzigo wake. Sheria inataka mwendo usizidi kilomita 50 kwa saa katika maeneo ya makazi, na matuta yapo, lakini kati ya kijiji na kijiji hakuna kinachomlinda.

Zile ambazo hazipati lami huangukia mikononi mwa greda. Udongo wa Singida ni wa kichanga, mabaki ya majabali yaliyoliwa na jua na mvua, na mtambo huo unapopita mwishoni mwa masika huikwangua njia ngumu iliyokuwa imeshindiliwa na magurudumu, ukaacha mchanga mlegevu katikati na tuta la udongo pembeni, palepale ambapo baiskeli hupita. Mvua ya mkoa huu huja kwa msimu mmoja, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili, na inapokuja huja kwa nguvu. Mtaro usiopewa mlango wa kutolea maji huyageuza maji kuwa patasi. Baada ya misimu michache mteremko uliokuwa ukipandwa na mwalimu akiwa amekaa juu ya tandiko hupandwa kwa kusukuma.

Jibu la kawaida ni kwamba fedha hazitoshi na kwamba baiskeli zinatoweka kwa sababu ya bodaboda. La kwanza ni kweli, ila kinachodaiwa hapa ni cha bei ndogo kuliko lami: drifti, yaani sakafu ya zege inayojengwa katika kivuko cha korongo ili maji yapite juu yake, vipande vya zege au mawe kwenye miteremko mikali tu, na mitaro iliyopewa njia ya kutokea. La pili halijibu malalamiko, maana bodaboda nayo huanguka kwenye mchanga ule ule, na asiye na fedha ya mafuta hana bodaboda. Nyuma ya majibu hayo imejificha dharau, dhana kwamba baiskeli ni dalili ya umaskini ambayo maendeleo yataifuta. Jijini Dar es Salaam njia za baiskeli zilijengwa kandokando ya Barabara ya Morogoro pamoja na mradi wa mabasi yaendayo haraka, na Umoja wa Mataifa uliitangaza Juni 3 kuwa siku ya baiskeli duniani mwaka 2018. Huko Uingereza vijia vya mashambani na njia za reli zilizofungwa vimeunganishwa kuwa mtandao wa kitaifa wa baiskeli, na wageni hulala na kula katika vijiji vilivyo kando yake. Singida ina vilima, historia na vijiji. Hakuna sababu ya mgeni kuujua mkoa huu kupitia dirisha la basi pekee, japokuwa mwenye haki ya kwanza ni mkulima wa Ilongero.

Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini, ulioanzishwa mwaka 2017, pamoja na halmashauri za Iramba, Mkalama, Manyoni na Singida, wanaombwa kwanza kuzichora njia hizi kwenye ramani zao, kwa sababu njia isiyo na jina wala namba haiwezi kuombewa fedha. Pili, kila mkataba wa kuweka lami uoneshe kwenye mchoro wake mahali baiskeli itakapopita, hata kama ni bega la lami la mita moja na nusu. Tatu, panapojengwa barabara mpya iliyonyooka, ile ya zamani iliyokuwa ikipinda kufuata kilima isiachwe iliwe na maji wala kulimwa, bali ikabidhiwe serikali za vijiji pamoja na fungu dogo la kuitunza. Mwaka wa fedha huanza Julai 1, na vikao vya madiwani vinavyopitisha mapendekezo hufanyika miezi kadhaa kabla ya tarehe hiyo, vikiwa wazi kwa wananchi kuhudhuria na kusikiliza.

Msomaji,
Singida