Ahadi Iliyokufa Jumapili Usiku

Jumamosi ya tarehe 16 Desemba 2023, Wizara ya Uchumi ya Ujerumani ilitangaza kwamba ruzuku ya kununulia magari ya umeme imefika mwisho. Mwisho wenyewe ulikuwa kesho yake. Maombi yaliyofika kabla ya saa sita usiku wa Jumapili yangeshughulikiwa, yaliyobaki, basi. Mpango huo ulikuwa umeahidiwa kuendelea hadi mwisho wa 2024. Raia waliopanga maisha yao kwa kuamini tarehe hiyo walipewa notisi isiyofika siku mbili, tena siku za mapumziko.

Tuelewane mapema. Sidai kwamba serikali imchangie mtu gari milele. Ruzuku kazi yake ni kusukuma, na chombo kikishashika mwendo mkono unaondolewa. Najua pia kwamba ruzuku hii ilivuja. Yapo magari yaliyochangiwa na mlipakodi wa Ujerumani, yakakaa miezi michache ya lazima, kisha yakauzwa Denmark kwa faida. Yapo magari mseto ya makampuni yaliyopokea fedha kwa sababu yanaweza kuchajiwa, huku waliopewa kuyaendesha wakijaza petroli tu. Kuanzia 2016 zilitumika takriban euro bilioni 10 kwa magari yapatayo milioni 2.1, na sehemu ya fedha hizo haikustahili kutoka. Ninachokipinga, na sitapunguza makali, ni namna ilivyokatwa na watu waliokatiwa.

Angalia jinsi fedha hiyo ilivyokuwa ikiombwa. Mnunuzi hakuweza kuomba siku aliyotia saini mkataba. Ilibidi kwanza gari liundwe, lisafirishwe, lifike kwa muuzaji, lisajiliwe na kupewa namba. Hapo ndipo aliporuhusiwa kupeleka maombi BAFA, idara ya serikali iliyosimamia malipo. Kati ya saini na namba ilipita miezi, na ucheleweshaji huo ulikuwa wa kiwanda au wa meli, wala si wa mnunuzi. Sasa mchukue mtu wa mshahara wa kawaida aliyeagiza gari dogo mwaka huo. Kwa gari la bei isiyozidi euro 40,000 kabla ya kodi, serikali ilisema itatoa 4,500 na kiwanda 2,250, jumla 6,750. Kwa hesabu hiyo akaenda benki akakopa. Jumamosi ile gari lake huenda lilikuwa tayari limeegeshwa uani kwa muuzaji, linangoja kufungwa namba tu. Ofisi za usajili zilikuwa zimefungwa. Jumatatu zilipofunguliwa, zile 4,500 za serikali hazikuwapo tena, na mkopo ulikuwa pale pale.

Watetezi wa uamuzi huo wanaitupia lawama Mahakama ya Katiba iliyoko Karlsruhe. Ni kweli, tarehe 15 Novemba 2023 majaji walibatilisha hatua ya serikali kuhamisha euro bilioni 60 za mikopo ya wakati wa korona kwenda Mfuko wa Tabianchi na Mageuzi, mfuko ule ule uliolipia ruzuku. Katiba ya Ujerumani ina breki ya deni tangu 2009, na serikali ilijaribu kuipita kwa mlango wa nyuma ikakamatwa. Lakini hakuna jaji aliyeamuru kwamba atakayeumia awe mnunuzi wa gari dogo. Chaguo hilo lilifanywa na Kansela Olaf Scholz, Waziri wa Uchumi Robert Habeck na Waziri wa Fedha Christian Lindner. Tarehe 13 Desemba walisema ruzuku itakoma kabla ya wakati, wasitaje siku. Siku tatu baadaye shoka likashuka.

Unataka kujua kama kweli hapakuwa na njia nyingine? Watazame wakulima. Katika kubana matumizi huko huko, serikali ilitangaza pia kufuta nafuu ya kodi ya dizeli ya mashambani. Jumatatu tarehe 18 Desemba, saa chache tu baada ya dirisha la BAFA kufungwa, matrekta yalikuwa yamejaa mbele ya Lango la Brandenburg. Mapema Januari serikali ikalegea: nafuu ya dizeli ingepunguzwa kwa awamu hadi 2026, na msamaha wa kodi ya magari ya kilimo ungebaki. Serikali iliyofuata ikairudisha nafuu yote ya dizeli kuanzia 2026. Sina ugomvi na mkulima, alipigania riziki yake. Nina ugomvi na serikali iliyokuwa na awamu na subira kwa mwenye trekta la kuzibia barabara, ikakosa hata wiki moja kwa mama aliyeagiza gari peke yake, asiyemjua mwenzake aliyeagiza kama yeye.

Kwetu tunasema ahadi ni deni. Berlin ilikuwa ikitetemeka kwa hofu ya madeni, lakini hili la wanunuzi wake haikulihesabu kuwa deni. Ilisema mpango ulikuwa mwongozo wa wizara tu, malipo kadiri fedha zitakavyokuwapo, na hakuna mwenye haki ya kudai. Kisheria huenda ni sawa. Mbele ya raia aliyesikia mawaziri wakimhimiza kuachana na petroli, ni uhuni. Aibu kubwa zaidi ni kwamba viwanda kadhaa, Volkswagen ikiwemo, vilijitokeza kulipa fungu la serikali kwa wateja waliokwisha kuagiza baadhi ya magari yao. Mfanyabiashara aliona umuhimu wa kulinda jina lake. Serikali haikuona.

Matokeo yalikuja upesi. Mwaka 2023 Ujerumani ilisajili magari mapya ya umeme 524,219. Mwaka 2024 yakawa 380,609, pungufu kwa zaidi ya robo. Soko zima la magari mapya lilishuka kwa kama asilimia 1 tu, kwa hiyo asiseme mtu kwamba Wajerumani waliishiwa hela za kununua magari. Walinunua, ila walirudi kwenye injini. Na serikali hiyo hiyo ilikuwa imejiwekea lengo la magari milioni 15 ya umeme barabarani ifikapo 2030, wakati mwanzoni mwa 2024 yalikuwapo kama milioni 1.4.

Nitaambiwa mwaka 2025 mauzo yalipanda tena, yakapita 545,000, bila ruzuku. Yalipanda, na nafurahi. Lakini msukumo mwingine ulikuwa umeingia: masharti ya hewa chafu ya Umoja wa Ulaya yalikazwa, na viwanda vikalazimika kuyasukuma magari ya umeme sokoni. Halafu tazama nani ananunua. Karibu theluthi mbili ya magari mapya Ujerumani husajiliwa kwa majina ya makampuni, na huko nafuu ya kodi haikuguswa. Mfanyakazi anayepewa gari la petroli la kazini hutozwa kodi kwa asilimia 1 ya bei yake kila mwezi. La umeme, kwa robo ya asilimia. Mwaka 2025 kikomo cha bei ya gari linalostahili robo hiyo kilipandishwa hadi euro 100,000. Meneja mwenye gari la euro 95,000 anabebwa na hazina mwezi hadi mwezi, bila foleni na bila dirisha la kufungwa usiku. Dizeli nayo bado inatozwa kodi ndogo kuliko petroli, kwa karibu senti 18 kila lita. Wanaposema ruzuku imeisha, waulize ya nani.

Hayo hayako mbali nasi. Mwaka 2019 Kenya ilishusha ushuru wa bidhaa kwa magari ya umeme kutoka asilimia 20 hadi 10, na kila mswada wa fedha unaosomwa unaweza kuigusa misamaha ya namna hiyo upya. Kijana wa bodaboda anayeingia mkopo wa pikipiki ya umeme anastahili kujua masharti yatasimama hadi lini kabla hajaweka saini.

Sasa Berlin imerudi na ruzuku nyingine, euro bilioni 3, kwa magari yaliyosajiliwa kuanzia Januari 2026 na kwa kaya ambazo kipato chake cha kutozwa kodi hakizidi euro 80,000, kikomo kikipanda kidogo kwa wenye watoto. Kumlenga mwenye kipato cha kawaida ni sahihi, na ilipaswa kuwa hivyo tangu mwanzo. Ila bado kinachohesabiwa ni siku ya namba, na bado mfuko ukikauka mlango unafungwa. Tundu lililowameza watu 2023 limeachwa wazi. Haki ya mnunuzi iandikwe kwenye sheria, ihesabiwe tangu siku anapotia saini mkataba, na kufungwa kwa mpango kutangazwe miezi kadhaa kabla. Na wale walioachwa kwenye mataa Desemba ile walipwe. Mikataba yao ipo, na kila mmoja una tarehe.