Utukufu ni wa Nani?



Desturi moja imeingia katika makesha yetu ya sala, nasi hatuwezi kuinyamazia tena. Mgonjwa huombewa, hupata nafuu, kisha husimama kutoa ushuhuda; na katika ushuhuda huo Mungu hutajwa mara moja, aliyemwombea hutajwa mara kumi. Kesho yake wagonjwa wengine hawamtafuti Yezu. Wanauliza mwombaji yule ataomba siku gani, na bahasha iwe na kiasi gani.

Twasema waziwazi: huo ni wizi, na anayeibiwa ni Mungu.

Fungueni Kitabu cha Pili cha Wafalme, sura ya 5. Naamani, jemadari wa Aramu, alifika mlangoni pa Elisha na farasi na magari yake. Nabii hakutoka hata nje. Alimtuma mjumbe kumwambia akaoge mara saba katika Yordani. Jemadari alikasirika, maana alitazamia maonyesho. Alipokubali kujishusha mtoni akatakasika, naye akarudi kumkiri Mungu wa Israeli. Elisha akakataa zawadi zake zote. Lakini mtumishi wake Gehazi alimkimbilia mgeni, akasema uongo, akapokea talanta mbili za fedha na mavazi mawili. Na ukoma wa Naamani ukamshika yeye. Je, wanaouza maombi leo wamewahi kuisoma sura hiyo hadi mwisho?

Wengine watatuuliza: je, mnakana miujiza? Hasha! Kanisa huwaombea wagonjwa na kuwapaka mafuta matakatifu. Mwaka 2000 Roma ilitoa maagizo juu ya sala za kuomba uponyaji: inazikubali, lakini inaonya dhidi ya jazba isiyo na kiasi na maigizo. Tena, kumwambia mgonjwa atupe vidonge ili aonyeshe imani ni kumpinga Mungu mwenyewe. Yoshua bin Sira, sura ya 38, anafundisha kwamba tabibu ameumbwa na Bwana na dawa zatoka ardhini kwa mapenzi yake. Mgonjwa na asali, kisha ampe tabibu nafasi.

Na yule asiyepona? Huambiwa imani yake ni haba. Basi tumtazame Mwenye Heri Isidori Bakanja, mlei wa nchi yetu. Mwaka 1909 alipigwa viboko vya kikatili kwa sababu ya skapulari ya Bikira Maria aliyoivaa. Vidonda vyake havikupona. Aliteseka kwa miezi, akamsamehe aliyempiga, akafa tarehe 15 Agosti. Nani atathubutu kusema kwamba Mungu hakutukuzwa katika mwili ule?

Sisi makatekista nasi hatuna mikono safi. Siku moja tulimwombea mtoto wa jumuiya yetu. Homa iliposhuka, mama yake alitusifu kuwa watu wenye nguvu, nasi tukatabasamu. Dawa alizopewa kwenye kituo cha afya hatukuzitaja. Petro, mbele ya kiwete aliyeponywa mlangoni pa hekalu, aliwauliza watu kwa nini wanamkazia macho kana kwamba amefanya hayo kwa uwezo wake. Sisi tulikubali kukaziwa macho. Kunyamaza kwetu kulikuwa wizi ule ule tunaoukemea.

Kwa hiyo twawaomba, enyi vijana: katika makesha yenu, ushuhuda umtaje Mungu, umshukuru na muuguzi, na jina la mwombaji liachwe. Bahasha isipokelewe. Na yule ambaye hakupona atembelewe nyumbani kwake wiki hiyo hiyo, achotewe maji, aoshewe nguo, asiulizwe juu ya imani yake. Hapo ndipo tutakapojua kama tulikuwa tukimtafuta Mungu, au tulikuwa tukitafuta vigelegele.